Fomu Haiijui Longonot

Fomu za vyuo vya Marekani ziliandikwa kwa kumfikiria mtoto fulani. Shule yake ina afisa ambaye kazi yake ni kuwaongoza wanaoomba vyuo, intaneti iko chumbani mwake, na wazazi wake wanaujua mshahara wao wa mwaka mzima. Mtoto huyo hakukulia Longonot, Kenya. Mimi nimekulia hapo, nikasoma sekondari ya kutwa, na chuo kidogo cha Minnesota kikanisomesha kwa kunilipia karibu kila kitu. Kila nikija nyumbani, watoto wa majirani hunijia: "Dada, ulifanyaje?" Haya ndiyo ninayowaambia.

1. Kalenda yao na yetu hazipatani

Mtihani wa kidato cha nne, KCSE, huisha mwishoni mwa Novemba na matokeo hutoka Januari. Vyuo vingi vya kule hufunga maombi ya mapema Novemba 1, na ya kawaida mwanzoni mwa Januari. SAT, mtihani ambao vyuo vya kule hutumia kupima waombaji, nao wa Oktoba na Novemba huangukia papo hapo kwenye mtihani wetu, wakati ambapo hata simu hairuhusiwi shuleni. Kwa hiyo wengi wetu huomba mwaka unaofuata, na kuanza masomo Agosti ya mwaka mwingine tena. Hiyo ni karibu miaka miwili ya kukaa nyumbani baada ya kidato cha nne, na jamaa watauliza kama kweli ulipita.

Hapo ndipo watu hunaswa. KUCCPS, idara ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, inakupa nafasi katika chuo cha hapa, wazazi wanasema nenda, ukipata Marekani utaacha. Lakini ukishaanza kusoma chuo kikuu, vyuo vingi vya Marekani havikuhesabu tena kama mwanafunzi mpya. Unakuwa wa kuhamia, na msaada wa fedha kwa wageni wanaohamia ni haba mno. Omba kuahirisha nafasi yako ya hapa. Usiitupe, na usiianze.

2. Alama hazijielezi

Sisi tumelelewa kwamba gredi ni hukumu, na baada ya hukumu hakuna maneno. Afisa wa chuo anayesoma A- yako hajui kama imetoka shule ya kitaifa au shule ya kutwa ambako madarasa mawili yanagawana maabara. Lazima aelezwe. Mfumo unaitaka shule itume ukurasa mmoja kujihusu: wanafunzi wangapi, wangapi hupata C+ ya kuingia chuo kikuu, masomo gani hayafundishwi. Shule yetu haikuwa na ukurasa kama huo, basi naibu mkuu wa shule alituita mimi na mwalimu wa ushauri nasaha, tukauandika pale ofisini kwake, akaugonga muhuri.

Barua za walimu ni shida nyingine. Mwalimu wetu akiandika barua nzuri anaandika hivi: mtiifu, mwenye bidii, mwenye nidhamu ya hali ya juu. Sifa za kweli, lakini ni zile zile kwa kila mtoto. Mwalimu wangu wa kemia alikuwa ameshaandika hizo. Nikamwomba kwa heshima akumbuke siku ya bureti. Bureti yetu ilikuwa inavuja na hakukuwa na nyingine. Nilipima inavuja kiasi gani kwa dakika, nikaondoa kiasi hicho kwenye hesabu, jibu likakaribia lile la kitabuni. "Hilo nalo ni la kuandika?" aliniuliza. Ndilo la kuandika, Mwalimu. Akaandika aya nzima, bila neno "mtiifu" hata mara moja.

3. Kuchota maji ni shughuli

Fomu ina nafasi kumi za shughuli za nje ya darasa, kila moja ikiwa na herufi 150 tu za maelezo. Watoto wa kwetu hujaza mbili wakaishia hapo, au wanabuni klabu ya mazingira ambayo haijawahi kukutana. Mpendwa, orodha ya fomu hiyo hiyo ina kipengele cha majukumu ya kifamilia na kingine cha kazi ya malipo. Kwetu maji ni ya kufuatwa kwa punda. Kama wewe ndiye unayepakia mitungi ya lita 20, unapeleka kwa majirani na kuweka hesabu ya wanaodaiwa, andika hivyo, kwa takwimu.

Kuhusu insha, una maneno 650 na jaribu kubwa la kuandika juu ya umaskini, au juu ya kupanda mlima. Mlima wetu wa Longonot una mita 2,776 na wanaoupanda kwa kujifurahisha ni watalii na wanafunzi wa ziara. Wengi wetu tunautazama tu. Niliandika juu ya daftari la madeni la mama, anayeuza mboga stejini: nani hukopeshwa nyanya, nani huambiwa zimeisha huku zikionekana, na jinsi nilivyojifunza kuwasoma watu kutoka kwenye kurasa zile.

4. Pesa za nyumbani huanikwa

Hili ndilo gumu kuliko yote, na si kwa sababu ya hesabu. Kuna fomu inaitwa CSS Profile, inayotaka kujua mapato ya mwaka, thamani ya nyumba, akiba ya uzeeni, hisa, madeni, hata gari la nyumbani ni la mwaka gani. Baba yangu alikuwa kibarua wa shamba la maua Naivasha. Nilipomwomba karatasi zake za mshahara, alinyamaza, kisha akasema: "Mama yako mwenyewe hajui napata ngapi, sembuse Mmarekani?"

Sikubishana naye. Mama alizungumza naye usiku, na asubuhi niliikuta bahasha ya kaki mezani. Miezi mingine haikuwa na karatasi, tukaijaza kwa taarifa ya M-Pesa. Biashara ya mama haina karatasi yoyote, basi tulikaa tukakadiria anauza kiasi gani wiki nzuri na wiki mbaya, nikaandika makadirio na namna tulivyoyapata. Chifu alitupa barua kuhusu shamba, kwa kuwa hati ya ardhi bado ina jina la babu.

Mambo mawili ya kushika hapa. Pasipo na kitu, andika sifuri. Ukiacha wazi, faili yako inakaa kando ikisubiri jibu. Na usiongeze mapato kwa kuona haya. Nimeona kijana aliyemwandikia baba yake mshahara wa heshima, na chuo kikamrudishia pengo la kulipa ambalo familia haikuweza hata kulisogelea.

CSS ina ada. Viulize vyuo kama vinapokea fomu ya ISFAA badala yake, maana hiyo ni bure kwa wanafunzi wa kigeni. Uliza pia jinsi vinavyowachagua wageni. Vyuo vichache, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, havitazami uwezo wako wa kulipa wakati wa kukuchagua, na ukipita huziba pengo lote. Kwingi kwingineko, kuhitaji pesa kunapunguza nafasi yako, na ni bora ulijue hilo kabla ya kulipa ada za maombi. Ada hizo nazo zinaweza kusamehewa ukiomba.

5. Watu wa kukushika mkono wapo

Tangu ndege ya mwanasiasa Tom Mboya ilipobeba wanafunzi 81 mnamo Septemba 1959, hakuna aliyefika kule bila mtu wa kumwandikia barua. Leo kuna KenSAP, mpango wa kuwasaidia waombaji wa Kenya, ulioanzishwa 2004 na mwandishi John Manners pamoja na Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 Munich 1972. Miaka ya mwanzo waombaji walipimwa hata kwa kukimbia mita 1,500 kule Iten. Kuna Zawadi Africa kwa wasichana, kuna mpango wa benki ya Equity, na EducationUSA Nairobi hushauri bure. Wakala akikuahidi viza, mwache.

6. Saiba

Longonot ina kituo cha satelaiti tangu 1970, madishi yake yanaonekana kutoka barabarani. Hata hivyo, intaneti mimi niliifuata Naivasha kwa matatu. Andika kila kitu nyumbani kwa kalamu, nenda saiba kunakili tu, na usitume siku ya mwisho. Stima haijui tarehe.

7. Viza kwanza, harambee baadaye

Ukipokelewa, chuo kitakutumia I-20, fomu ya kuombea viza ya mwanafunzi. Nenda nayo ulipe dola 350 za SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, na dola 185 za viza, jumla kama shilingi 69,000. Ya SEVIS nililipa kupitia Western Union, maana haipokei kadi kutoka Kenya. Kwenye ubalozi wa Marekani, Gigiri, utaulizwa kwa ufupi: chuo gani, kwa nini hicho, nani analipa. Jibu la tatu liwe lile lile lililo kwenye barua ya chuo, shilingi kwa shilingi.

Wajomba watataka harambee siku ile barua inapofika. Waombe wangoje pasipoti irudi na viza ndani. Zichangwe za tiketi, koti la baridi na za matumizi ya mwezi wa kwanza, na mweka hazina awe shangazi.