Jenga Mbele ya Nyumba Yako: Kijana Mkatoliki na Msaragambo



 Leo chukua Biblia yako ufungue Kitabu cha Nehemia, sura ya 3. Najua ni sura ambayo wengi tunairuka, maana ni majina tu: fulani alijenga hapa, fulani akajenga pale. Leo usiiruke. Kwa sisi wa Same na milima ya Upare, sura hii inasomeka kama daftari la mahudhurio ya msaragambo.

Nehemia alifanya nini?

Nehemia alikuwa mbali na kwao, akimtumikia mfalme wa Uajemi. Aliposikia kuta za Yerusalemu zimebomoka, alilia, akafunga na kusali (Neh 1:4). Alipofika hakukimbilia kuhutubia watu. Alizunguka usiku, akakagua ukuta kwa macho yake (Neh 2:12-15). Ndipo akawaita watu wafanye kazi.

Sasa angalia waliojitokeza. Kuhani mkuu yumo, tena ametajwa wa kwanza (3:1). Wafua dhahabu na watengeneza manukato wamo (3:8), watu ambao mikono yao haikuzoea mawe. Shalumu alikuja na binti zake (3:12). Makuhani walijenga kila mmoja mbele ya nyumba yake (3:28). Ukuta ukaisha kwa siku 52 (6:15).

Lakini soma aya ya 5. Wakubwa wa Tekoa walikataa kuinamisha shingo zao kwenye kazi. Wananchi wa kawaida wa Tekoa wao walimaliza kipande chao, wakachukua na cha pili (3:27). Hao wakubwa, karne zote hizi tunawakumbuka kwa jambo moja tu: hawakuja.

Ndiva ni ukuta wetu

Wazee wetu Wapare walilijua jambo hili vizuri. Huku tambarare mvua ni za kubahatisha, kwa hiyo walichimba mifereji kutoka kwenye vijito vya mlimani na kujenga ndiva, yaani bwawa dogo la kukusanya maji. Maji yanaingia usiku, asubuhi ndiva inafunguliwa, na maji yanatoka kwa nguvu ya kufika hata shamba la mbali. Kila mkulima ana zamu yake.

Ila ndiva inajaa tope na mfereji unaota majani. Mtu mmoja hawezi kuusafisha wote. Ndiyo maana upo msaragambo: siku ya kazi, kila mwenye kutumia maji anakuja na jembe au sululu, na asiyekuja bila sababu anatozwa faini. Utaratibu uko wazi: hupati zamu ya maji kama huna zamu ya tope.

Sasa tuulizane ukweli. Jumapili kwaya imejaa vijana, sare zimenyooka, sauti nne zinapanda. Siku ya kusafisha mfereji wanaoinama ni akina nani? Mara nyingi ni wazee na akina mama. Sisi "tuko bize". Na kila Misa tunakiri kwamba tumekosa pia kwa kutotimiza wajibu. Wajibu ndio huo. Mtakatifu Yakobo anauliza: ukimwambia ndugu mwenye njaa aende kwa amani akashibe, na usimpe kitu, imemsaidia nini? (Yak 2:15-17).

Tuanzie wapi?

*1. Zunguka kwanza uone.* Kabla ya kuanzisha kikundi kipya chenye mwenyekiti, katibu na fulana, tembea mtaa wako kama Nehemia. Mfereji umebomoka wapi? Bibi gani anaishi peke yake na hana wa kumtekea maji?

*2. Ingia kwenye kazi ambayo tayari ipo.* Siku ya msaragambo nenda, tena nenda mapema. Kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo usiwe mgeni. Maaskofu wa AMECEA walizifanya jumuiya hizi kuwa kipaumbele tangu mwaka 1976, ili Kanisa liishi pale watu wanapoishi. Jumuiya ndiyo inayojua nani anaumwa na nani amefiwa. Kama wewe ni VIWAWA au TYCS, jipangieni nyumba hizo.

*3. Hudhuria mkutano wa kijiji.* Ukiwa na miaka 18 na unaishi kijijini, wewe ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Unatakiwa kufanyika walau kila miezi mitatu, na una haki ya kuuliza mapato na matumizi. Mwaka 1945 Wapare kwa maelfu walikusanyika Same kupinga kodi ya mbiru waliyoiona ya uonevu, na mwishowe kodi ile iliondolewa. Sisi tunashindwa kukaa saa mbili chini ya mti? Ukinyamaza mkutanini, usilalamike kijiweni.

*4. Fanya kazi na jirani wa imani nyingine.* Kwetu huku kuna Wasabato, Walutheri, Waislamu na sisi, na maji ya ndiva hayaulizi dini. Kwa hiyo hata kupanga siku ya kazi ni upendo: Ijumaa ina wenyewe, Jumamosi ina wenyewe, Jumapili ni yetu. Chagueni siku ambayo kila mtu ataweza kushika jembe.

*5. Kama uko mbali.* Wengi wetu tuko Dar, Arusha au Moshi kutafuta maisha. Kuondoka si dhambi, Nehemia mwenyewe alikuwa mbali. Ila aliuliza habari za kwao, na habari zikamgusa. Piga simu nyumbani uulize mambo ya kijiji, si ya familia tu. Tuma mchango wa siku uliyoikosa. Ukirudi likizo, usiishie kupiga picha.

Maswali ya kutafakari (binafsi au kwenye jumuiya)

1. Ni kipande gani cha "ukuta" kilicho mbele ya nyumba yetu?
2. Kama mahudhurio ya msaragambo yangesomwa Jumapili kanisani, jina langu lingekuwemo?
3. Wiki hii nitafanya nini, siku gani, na nitakwenda na nani?

Tusali

Ee Bwana Yesu, ulifanya kazi kwa mikono yako kule Nazareti. Tuondolee shingo ngumu ya wakubwa wa Tekoa. Utupe macho ya kuona palipobomoka na mikono isiyoogopa tope. Uwabariki wazee waliotuchimbia mifereji tunayoinywea, na utujalie tusiwaachie watoto wetu ndiva kavu. Amina.

Msaragambo mwema!