Siku Moja kwa Baiskeli, Kisarawe hadi Kibaha

Kisarawe na Kibaha zimo katika Mkoa wa Pwani, lakini hakuna hata moja inayogusa bahari. Mgeni alijue hilo mapema, asije akauliza ufukwe uko wapi. Atakachokuta ni vilima vya Pugu, mikorosho, miembe, mashamba ya mihogo, na msitu wa asili uliopakana na jiji la Dar es Salaam. Kwa mtu anayetaka kuendesha baiskeli bila kukimbizwa na saa, sisi tunaona hakuna upande wa mkoa huu unaopendeza zaidi.

Majira na upepo

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, njia za udongo huteleza na makorongo hujaa maji. Baiskeli ibaki nyumbani. Wakati mzuri ni Juni hadi Septemba. Miezi hiyo kusi huvuma kutoka kusini mashariki, na Kibaha iko kaskazini magharibi ya Kisarawe. Anayeanzia Kisarawe husukumwa na upepo mgongoni, anayeanzia Kibaha hupambana nao usoni. Basi anzia Kisarawe, saa kumi na mbili asubuhi. Ikifika saa tano uwe kivulini, ule, ulale kidogo ukipenda, uondoke tena saa tisa jua likishapunguza ukali.

Msituni

Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Usijipenyeze kwa njia za panya: lipa kiingilio, uliza njia zinazoruhusiwa baiskeli, na uchukue mwongozaji. Yeye ndiye atakayekuonyesha mapango yaliyoachwa na wachimbaji wa udongo wa kaolini, ambayo sasa ni makazi ya popo. Ingia polepole, usiwamulike wala kuwapigia kelele.

Msitu huu ni masalia ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki. Humo anaishi komba wa Rondo, mnyama mdogo mno anayepatikana Tanzania peke yake, na yumo katika hatari ya kutoweka. Hutoka usiku, kwa hiyo wewe wa mchana huenda usimwone. Lakini miti unayopita chini yake ndiyo nyumba yake. Miti hiyo imekatwa kwa miaka mingi kwa ajili ya mkaa wa kupikia Dar es Salaam, na magunia mengi yamesafirishwa kwa baiskeli kama yako, yamefungwa kwenye kariya. Tunakuomba kwa dhati: usinunue mkaa wa njiani usiojua umetoka wapi, na usiwashe moto popote ndani ya hifadhi.

Ukiwa upande wa Pugu, kumbuka pia kwamba Mwalimu Julius Nyerere alifundisha shule ya Mtakatifu Francis hapo mpaka alipoacha kazi mwaka 1955 ili akitumikie chama cha TANU.

Barabarani

Hatari kubwa ya siku yako ni Barabara ya Morogoro. Kipande cha Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kimepanuliwa kuwa njia nane, na hupitisha mabasi ya mikoani na malori yaendayo Zambia, Kongo na Rwanda. Usijaribu kuikatiza ukiwa juu ya baiskeli. Shuka, usubiri kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, uikokote. Reli ya kisasa nayo usiivuke kwa kuruka uzio. Tafuta kivuko cha juu au cha chini, hata kama ni mbali.

Kabla ya kuondoka, kagua breki zote mbili, kengele, taa ya mbele na kiakisi chekundu cha nyuma. Beba pampu, tyubu ya akiba, viraka na gundi yake. Mafundi baiskeli wapo Kisarawe mjini na Maili Moja mjini Kibaha, lakini katikati ya mashamba usiwategemee. Maji yawe lita 3 kwa kila mtu.

Ukiamua kuendelea hadi Mlandizi kuutazama Mto Ruvu, utazamie mbali na ukingo. Mto huo una mamba na viboko, nao wenyeji hawaogi ovyo. Ajali ikitokea, piga 112 kuwaita polisi, na umtafute mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa ulipo. Yeye ndiye atakayepata usafiri wa haraka kukupeleka hospitali ya Tumbi, Kibaha.