Edward Coke, Mwanasheria Aliyewasumbua Wafalme

Edward Coke alikuwa nani hasa?

Mtoto wa wakili wa Norfolk, Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1552. Alipanda upesi: Spika wa Bunge mwaka 1593, Mwanasheria Mkuu wa Serikali mwaka uliofuata, kisha jaji.

Anasifiwa kuwa mtetezi wa haki. Tangu mwanzo?

Hata kidogo. Mwaka 1603 ndiye aliyemshtaki baharia mashuhuri Walter Raleigh kwa uhaini, tegemeo lake kubwa likiwa maelezo ya mtu mmoja, Lord Cobham. Raleigh aliomba Cobham aletwe waonane ana kwa ana. Akanyimwa. Coke naye akamporomoshea matusi, akimwita nyoka. Hapo simtetei.

Aligeuka lini?

Alipovaa joho la jaji, mwaka 1606. Mfalme James I aliona anaweza kuamua kesi mwenyewe, maana majaji ni watumishi wake. Coke akamjibu kwamba akili Mfalme anayo, ila sheria ni elimu ya kusomea miaka mingi. Hivyo ndivyo Coke mwenyewe alivyosimulia. Barua ya mtu wa wakati huohuo inasema Mfalme alipofoka, jaji alianguka chini kwa mikono na magoti kuomba radhi! Naona yote mawili yanawezekana.

Nini kilimwondoa kwenye ujaji?

Swali moja. Mwaka 1616 James aliagiza kesi iliyogusa madaraka yake isisikilizwe kabla hajazungumza na majaji. Wao wakaendelea nayo. Akawaita, akawakaripia, wakapiga magoti wote, Coke akiwamo. Kisha akauliza: siku nyingine Mfalme akitaka kesi isimame, mtaisimamisha? Wenzake wakaitikia. Coke akasema siku hiyo ikifika atafanya linalompasa jaji. Kabla mwaka haujaisha akavuliwa cheo.

Akanyamaza?

Alihamia Bungeni, na maneno yake huko yakampeleka kifungoni katika Mnara wa London. Mwaka 1628, akiwa na miaka 76, alikuwa mstari wa mbele kuandaa Ombi la Haki: pasitozwe kodi bila idhini ya Bunge, wala mtu asifungwe bila kuelezwa sababu. Mfalme aliyemfuata James, Charles I, aliridhia shingo upande.

Mfalme aliogopa nini kwa mzee kama huyo?

Kalamu yake. Coke alipokuwa akikata roho mwaka 1634, watu wa Charles walipekua nyumba yake wakabeba maandishi. Mwaka 1641 Bunge likadai yarudishwe, likaamuru yachapishwe.