Vyama vya Wafanyabiashara na Vituo vya Ajira: Jinsi Ushirikiano Unavyojengwa

Nafasi nyingi za kazi katika biashara ndogo hazitangazwi. Mwenye karakana humwuliza fundi wake, fundi humleta binamu yake, na nafasi hujazwa. Kijana mwenye ujuzi ule ule, asiye na ndugu karakanani, hapati hata habari. Ushirikiano baina ya vyama vya wafanyabiashara na vituo vya ajira hukusudiwa kuziba pengo hilo.

Wazo hili si geni. Mkataba Na. 88 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1948, unataka huduma ya ajira ya umma itolewe bila malipo, na wawakilishi wa waajiri na wafanyakazi washirikishwe kupitia kamati za ushauri. Nchini Tanzania, TaESA huandikisha watafuta kazi na kuwaunganisha na waajiri, ilhali TCCIA, iliyoanzishwa mwaka 1988, huwaunganisha wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima. Upande mmoja unawajua wanaotafuta kazi; wa pili unawajua wanaoitoa.

Ushirikiano huo una hatua tatu.

Kwanza, chama hukusanya mahitaji ya wanachama wake kwa maneno bayana. "Anahitajika fundi" haitoshi. "Anahitajika mtu awezaye kusoma mchoro, kukata chuma na kuchomelea mageti" ni maelezo yanayofanyiwa kazi.

Pili, kituo huchuja na kupeleka wachache wanaofaa. Mwajiri aliyeletewa watu ishirini wasiofaa harudi tena.

Tatu, mwajiri hurudisha jibu: nani ameajiriwa, nani amekosa, na kwa sababu gani. Hatua hii husahaulika kwa urahisi, nayo ndiyo roho ya mpango. Iwapo watano wamekosa kwa kutojua kusoma mchoro, kituo kinajua mafunzo gani ya kuwaelekeza, na kijana anajua la kujifunza badala ya kudhani ana mkosi.

Ushirikiano hauzalishi nafasi mpya peke yake; huzifanya zilizopo zionekane na wote.

Mkazi anayetafuta kazi anashauriwa kuandika mambo anayoweza kuyafanya, si vyeti pekee. Aliyejifunza ufundi mtaani anaweza kupimwa na VETA na kutunukiwa cheti cha ujuzi alio nao. Pa kuanzia ni ofisi ya Mtendaji wa Kata, aulizie utaratibu uliopo.