Kwa Nini Kwenda Si Sawa na Kurudi: Safari ya Ndege kati ya Nairobi na New York

Tunafundishwa kwamba muda wa safari hupatikana kwa kugawanya umbali kwa mwendo. Kanuni hiyo ni sahihi, lakini hapana budi tujue kwanza ni umbali upi na ni mwendo upi. Tutazame mfano wa Nairobi na New York, miji iliyounganishwa kwa mara ya kwanza na safari ya ndege isiyotua njiani tarehe 28 Oktoba 2018.

Umbali

Nairobi ipo latitudo 1.3° Kusini, longitudo 36.8° Mashariki. New York ipo latitudo 40.7° Kaskazini, longitudo 74.0° Magharibi. Tofauti ya longitudo ni 110.8°. Pembe a, baina ya miji hiyo kutoka kitovu cha dunia, ni:

cos a = sin(−1.3°) × sin 40.7° + cos 1.3° × cos 40.7° × cos 110.8° = −0.284

Basi a = 106.5°. Mzingo wa dunia ni takriban kilomita 40,000. Kwa hiyo umbali ni 106.5/360 × 40,000, yaani karibu kilomita 11,800.

Mwalimu na avute uzi juu ya tufe la darasani. Uzi utakatiza Sahara, utaiacha Afrika kwenye pwani ya Morocco, utapanda hadi karibu latitudo 42° Kaskazini, kisha utashuka kuelekea New York. Katika ramani bapa njia hiyo huonekana imepinda, ilhali ndiyo fupi kuliko zote.

Mwendo

Wako wanaodhani kwamba ndege iendayo magharibi huwahi kufika kwa sababu dunia huzunguka kuelekea mashariki na kuuleta mji karibu. Sivyo. Angahewa huzunguka pamoja na dunia. Kinachobadili muda ni upepo. Katika latitudo za kati, hewa ya juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kutokana na tofauti ya joto kati ya tropiki na ncha ya dunia, pamoja na mzunguko wa dunia yenyewe.

Tuchukulie kwamba mwendo wa ndege hewani ni kilomita 850 kwa saa, na wastani wa upepo njiani ni kilomita 50 kwa saa:

Bila upepo: 11,800 ÷ 850 = saa 13 dakika 53
Kwenda: 11,800 ÷ 800 = saa 14 dakika 45
Kurudi: 11,800 ÷ 900 = saa 13 dakika 7

Upepo umetucheleweshea dakika 52 na kuturudishia 46 tu. Haulipi deni lake lote, kwa kuwa ndege hukaa muda mrefu zaidi ikipingana nao kuliko ikisukumwa nao.

Dakika hizo si jambo dogo. Ndege kubwa ikiunguza tani 5 za mafuta kwa saa, dakika 52 ni zaidi ya tani 4: uzito wa abiria zaidi ya 40 na mizigo yao, kwa kilo 100 kila mmoja. Nairobi ipo mita 1,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na uzito wa kuruka una mpaka. Mafuta yakizidi, abiria au shehena hupungua; yakipungua, maisha huwa hatarini.

Zoezi: Rudia hesabu kwa upepo wa kilomita 100 kwa saa. Je, hasara imeongezeka maradufu, au zaidi?