Sanamu za Watakatifu katika Hispania



Kila tusomapo Isaya sura ya 44, habari za yule mtu aliyekata mti, sehemu akaipikia chakula na sehemu akaifanya mungu, hakosi ndugu wa kuuliza: Je, Wakristo wenye sanamu makanisani wana tofauti gani naye? Natutazame Hispania, maana huko kazi hii ilifika mbali sana.

Mwezi wa Desemba 1563 Baraza la Trento lilifundisha kwamba sanamu haina uungu wala nguvu ndani yake. Heshima humwendea yule anayeonyeshwa. Mafundi wa Sevilla na Valladolid walichonga chini ya mafundisho hayo. Mti ulikombwa ndani usije ukapasuka, ukapakwa jasi na gundi, kisha rangi. Huko Sevilla rangi haikuwa kazi ya mchongaji. Chama cha wapaka rangi kilimkataza kabisa! Mavazi yalifunikwa kwa dhahabu nyembamba mno, yakapakwa rangi juu, na rangi ikakwaruzwa ili dhahabu ing'ae. Wengine walitia hata macho ya kioo. Wala wachongaji hawakuwa wanaume tu: Luisa Roldán, binti wa mchongaji, alifanywa mchongaji wa mfalme mwaka 1692.

Mwaka 1603 arkidiakoni mmoja, Mateo Vázquez de Leca, alipatana na Juan Martínez Montañés amchongee Kristo msalabani. Katika mapatano aliagiza Kristo awe angali hai, kabla ya kukata roho, kichwa kimeinama, akimtazama mtu asaliye miguuni pake kana kwamba anasema naye. Sanamu hiyo imo katika kanisa kuu la Sevilla hata leo.

Naona agizo hilo ni la mtu aliyetaka kutazamwa na Bwana wake katika sala, nami siwezi kumcheka. Lakini penye ustadi kama huo pana hatari pia, kwa kuwa macho yale yaweza kumshika mtu asifike kwa Kristo mwenyewe. Ibara ya 22 katika zile 39 za Kanisa letu inakataa kuabudu sanamu, wala sioni sababu ya kuilegeza.

Kwa mazungumzo ya vikundi: someni Hesabu 21:8-9, kisha 2 Wafalme 18:4. Nyoka yule yule wa shaba, Musa alimfanya kwa amri ya Mungu, na Hezekia akamvunja. Ni nini kilichokuwa kimebadilika?