Kwa Nini Mtoto wa Mbwa Hutafuna Viatu?

Jioni moja mwanakisomo mmoja alifika darasani na katambuga mguu mmoja tu. Mkononi alishika daftari lililobaki nusu. "Mwalimu," akasema, "mbwa wangu kala somo la jana. Nimempiga sana, na kesho namtupa porini."

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Viatu na daftari ni fedha. Nikamwuliza, "Mbwa huyo ana umri gani?" Akajibu, "Miezi minne." Basi jibu tulikuwa tumelipata.

Meno yanabadilika

Mbwa huota meno ya utoto 28. Kuanzia miezi mitatu au minne meno hayo hung'oka, na meno ya ukubwa 42 huota. Kazi hiyo huisha karibu mwezi wa saba. Wakati huo fizi humsumbua, naye hutafuna apate nafuu. Mbwa mkubwa naye huweza kutafuna vitu kwa sababu ya njaa, au kwa kufungwa kutwa nzima bila kazi.

Tufanye nini?

1. Weka viatu, madaftari na ngozi mahali pa juu.
2. Mpe kitu chake. Funga kitambaa kizito fundo kubwa asiloweza kulimeza. Kiloweke katika maji baridi, umpe. Kikianza kuchanika, kitupe.
3. Usimpe kiatu kikuukuu. Mbwa hajui tofauti ya kiatu kikuukuu na kipya.
4. Usimpe magunzi ya mahindi wala mifupa iliyopikwa. Gunzi huziba utumbo. Mfupa uliopikwa hupasuka vipande vikali.
5. Mlishe vizuri, na umtembeze kila siku.
6. Ukimkuta anatafuna kiatu, sema "Acha!" Mpe fundo lake. Akilitafuna, msifu. Usimpige kwa kosa la asubuhi. Hajui unampigia nini. Atajifunza kukuogopa tu.

Hatari ya kichaa

Sasa, ndugu msomaji, soma hapa kwa makini. Mbwa akibadilika tabia ghafla, akauma miti, mawe au watu bila kuchokozwa, akatoka udenda au kupepesuka, huenda ana kichaa cha mbwa. Hayo si mambo ya meno. Usimguse. Waondoe watoto, kisha toa taarifa upesi kwa mtaalamu wa mifugo au uongozi wa kijiji.

Mtu akiumwa na mbwa, hata mbwa mdogo, oshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo akapate ushauri na sindano. Asingoje kuugua. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Kinga ni kumchanja mbwa kila mwaka.

Yule mwanakisomo hakumtupa mbwa wake. Alimpeleka kuchanjwa. Daftari lake jipya hulitundika ukutani ndani ya mfuko, na mbwa hulinda nyumba.

Maneno ya kujifunza

Fizi: nyama inayoshika meno.
Udenda: mate yanayochuruzika.

Maswali

1. Mbwa huanza kubadilisha meno akiwa na miezi mingapi?
2. Kwa nini si vizuri kumpa mbwa magunzi?
3. Mtoto wako akiumwa na mbwa, utafanya nini kwanza?
4. Je, mbwa wako amechanjwa mwaka huu?